Siku Tanuru Lilipozimwa

Tarehe 30 Septemba 2024 nilikuwa na siku kumi na mbili tu nchini Wales, na bado nilikuwa nalala na soksi. Nilipanga chumba Port Talbot kwa sababu kodi ilikuwa nafuu kuliko kwenye mji wenye chuo, na treni ilinifikisha darasani kabla sijamaliza kusoma kurasa kumi. Mwenye nyumba wangu ni mzee wa miaka sitini na kitu, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha chuma cha mji huo kwa miaka 34. Jioni ile nilimkuta amekaa kwenye ua wa nyuma, koti amelifunga hadi shingoni, kikombe cha chai mkononi, anatazama upande wa bahari ambako minara ya kiwanda huonekana juu ya mapaa ya majirani.

Siku hiyo tanuru namba nne lilizimwa. Namba tano lilishazimwa Julai. Kwa hiyo, katika mji uliokuwa ukitengeneza chuma tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, hapakuwa tena na moto wa kuyeyusha mawe ya chuma. Habari hizo nilizijua vizuri kwa sababu ndizo zilizonileta. Katika barua ya kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ya historia ya mazingira niliandika kwamba nataka kuchunguza sera za serikali za kupunguza hewa ya ukaa kwenye viwanda vya chuma. Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, na kwa kutaka kuanzisha mazungumzo nikasema, "Lakini kwa dunia ni habari njema, siyo?"

Hakunijibu. Alimwaga chai iliyobaki kwenye nyasi, akaingia ndani. Mwaka mzima uliofuata nimekuwa nikitafuta jibu ambalo hakunipa.

* * *

Sijitetei, ila nieleze nilikotoka. Aprili ya mwaka huohuo mto Rufiji ulifurika. Mama yangu analima mpunga na mahindi katika bonde lake. Mimi nilikuwa Dar es Salaam nikisubiri majibu ya chuo. Nilipompigia simu na kumwamkia shikamoo, aliitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akanyamaza kidogo na kusema, "Shamba limekuwa bahari." Hakulia. Aliniambia tu jina la kila jirani na alichopoteza, kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio.

Kijijini walibishana kuhusu chanzo. Wapo waliotaja mvua za El Niño, wapo waliotaja maji ya bwawa, na wazee walisema mto ule umekuwa ukifurika tangu enzi za mababu, na tope lake ndilo lililowalisha. Sitasema moshi wa Port Talbot ndio uliozamisha mpunga wa mama. Mambo hayaendi hivyo, na msimamizi wangu angenipigia mstari mwekundu. Lakini najua kwamba dunia inayozidi kupata joto huongeza uwezekano wa mvua za kupindukia, na najua kwamba utengenezaji wa chuma peke yake huchangia takriban asilimia 7 ya hewa ya ukaa itokanayo na matumizi ya nishati duniani. Kwa hiyo nilipoketi kwenye ule ua nilikuwa na mpunga kichwani. Mzee alikuwa na tanuru.

* * *

Chuma na kaboni haviachani kirahisi. Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Kwa maneno ya mtaani, ni kutu iliyolala ardhini kwa mamilioni ya miaka. Ili chuma kitoke, lazima kitu kingine kiipokonye hiyo oksijeni. Kaboni huifanya kazi hiyo vizuri sana, na ikishaichukua oksijeni hutoka nayo juu ya tanuru ikiwa hewa ya ukaa. Ndiyo maana huwezi kusafisha tanuru la makaa kwa kulibadilishia tu chanzo cha joto. Makaa si kuni za kupikia tu, ni sehemu ya mapishi yenyewe. Kila tani ya chuma cha pua iliyotengenezwa kwa njia hii huacha angani takriban tani mbili za hewa ya ukaa.

Kwa karne nyingi kaboni hiyo ilitokana na miti. Mwaka 1709, huko Coalbrookdale nchini Uingereza, Abraham Darby alifanikiwa kuyeyusha chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa mpaka yakabaki kaboni karibu tupu. Tangu hapo mhunzi hakuhitaji tena msitu. Alihitaji mgodi. Anayependa vichekesho vya historia aone hiki: makaa ya mawe, adui yetu wa leo, yaliingia kwenye tanuru yakiwa nafuu kwa miti.

Kusini mwa Wales palikuwa na kila kitu mahali pamoja: mawe ya chuma, makaa, chokaa na mito. Kiwanda cha Dowlais kilianza mwaka 1759 na cha Cyfarthfa mwaka 1765, vyote Merthyr Tydfil, na kufikia miaka ya 1840 Dowlais kilikuwa kiwanda kikubwa cha chuma kuliko vyote duniani. Reli zake zilivuka bahari. Na utajiri huo ulikuwa na bei yake hata kabla mtu yeyote hajafikiria kupima hewa. Juni 1831 wafanyakazi wa Merthyr waliandamana kupinga kukatwa mishahara na mahakama ya madeni iliyokuwa ikiwanyang'anya hata vyombo vya ndani. Walipandisha bendera nyekundu. Askari wakaletwa, watu wakauawa, na kijana mchimbaji wa miaka 23, Richard Lewis, ambaye Wales yote humwita Dic Penderyn, akanyongwa Cardiff Agosti 13 kwa kosa la kumchoma askari mguuni, kosa ambalo watu wengi waliamini, na bado wanaamini, hakulitenda.

Kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Maria, Aberavon, ndani ya Port Talbot, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka chumbani kwangu. Nilikwenda Jumamosi moja yenye manyunyu. Sikuwa nimepanga kumtia kwenye tasnifu, maana tasnifu yangu ilikuwa kuhusu kaboni. Nilisimama pale nikijiambia kwamba mada yangu ni nyingine, nikaondoka bila kujiamini sana.

* * *

Sera za serikali kuhusu viwanda vya moto zina umri mkubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1863 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kudhibiti hewa ya tindikali iliyokuwa ikitoka kwenye viwanda vya alkali na kuunguza mashamba ya jirani. Mwaka 1956, baada ya ukungu wa moshi wa Desemba 1952 kuua maelfu ya watu London, ikaja Sheria ya Hewa Safi. Sheria hizo zilihusu kitu unachokiona, unachokinusa na kukikohoa. Zilikuwa na walalamikaji wenye majina: mkulima ambaye miti yake imekauka, mama ambaye mtoto wake hapumui vizuri.

Hewa ya ukaa haina rangi wala harufu, na anayeumizwa nayo anaweza kuwa nchi nyingine au hajazaliwa. Kwa hiyo serikali zilipoanza kuishughulikia ziligeukia hesabu. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulianzisha soko la vibali vya kaboni, na Uingereza ilikuwamo. Wazo lilikuwa rahisi: kila tani unayotoa iwe na kibali, vibali viwe na kikomo, na anayechafua kidogo amuuzie anayechafua zaidi. Lakini wenye viwanda vya chuma walisema, na hawakusema uongo, kwamba chuma huuzwa duniani kote kwa ushindani mkali. Ukinitoza mimi na usimtoze mwenzangu wa ng'ambo, nitafunga, na moshi utahamia kwake. Wataalamu huita jambo hilo uvujaji wa kaboni. Serikali zikawapa vibali vingi bure. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 mahitaji ya chuma yalianguka, na kampuni za chuma zikajikuta zina vibali kuliko zilivyohitaji. Sera iliyokusudiwa kuwasukuma kubadilika ikawaachia ziada mkononi.

Wakati huohuo sheria nyingine ilikuwa ikikua. Mwaka 2008 Uingereza ilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyoifunga serikali kupunguza gesijoto kwa asilimia 80 ifikapo 2050, ikilinganishwa na 1990. Juni 2019 kiwango hicho kikapandishwa hadi asilimia 100, yaani hesabu iishie sifuri. Ni sheria fupi ukiisoma. Haisemi neno kuhusu mzee na kikombe chake cha chai, wala sikutarajia iseme.

Kisha kuna Redcar, kaskazini mashariki mwa England. Oktoba 2015 kiwanda chake cha chuma kilifilisika, tanuru likazimwa na watu wapatao 2,200 wakapoteza ajira. Si sera ya kaboni iliyokiua. Bei ya chuma ilikuwa imeanguka duniani. Lakini ukichora mstari wa hewa ya ukaa inayotolewa na viwanda vya Uingereza, ndani yake kuna Redcar, inaonekana kama mafanikio. Uingereza ilitengeneza takriban tani milioni 28 za chuma mwaka 1970. Mwaka 2024 ilitengeneza kama tani milioni 4. Waingereza hawakuacha kujenga madaraja wala kununua magari. Chuma chao kingi sasa huja kwa meli, na moshi wake huandikwa kwenye daftari la nchi nyingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini chai ilimwagwa.

* * *

Kiwanda cha Port Talbot kimepita kwenye mikono mingi. Sehemu yake kubwa, iliyoitwa Abbey Works kwa ajili ya abasia ya kale ya Margam, ilifunguliwa mwaka 1951, na katika miaka ya 1960 watu wapatao 18,000 walifanya kazi humo. Serikali ilitaifisha viwanda vikubwa vya chuma mwaka 1967 na kuvibinafsisha mwaka 1988. Mwaka 1980 pekee maelfu ya wafanyakazi wa Port Talbot walipunguzwa. Mwaka 2007 kiwanda kikawa cha kampuni ya Tata ya India. Mzee wangu huwataja waajiri wake wote bila kuhama mahali alipotundika koti lake asubuhi.

Septemba 2023 serikali ya Conservative na kampuni walitangaza mpango wa pauni bilioni 1.25: milioni 500 kutoka kwa walipa kodi, zilizobaki kutoka kwa kampuni. Matanuru mawili ya makaa yangezimwa, na mahali pao lingejengwa tanuru moja la umeme lenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Tanuru la umeme haliyeyushi mawe. Linayeyusha chuma chakavu, ambacho oksijeni yake ilishaondolewa zamani, kwa hiyo halihitaji kaboni ya kuipokonya. Serikali ilikadiria kwamba hatua hiyo moja ingepunguza hewa ya ukaa ya Uingereza nzima kwa takriban asilimia 1.5. Kiwanda kimoja, asilimia moja na nusu ya nchi. Hakuna kampeni ya kuzima taa vyumbani inayoweza kukaribia namba hiyo.

Upande wa pili wa daftari: takriban ajira 2,800 kuondoka, nyingi zikiwa Port Talbot. Tanuru la umeme huhitaji watu wachache, na halihitaji viwanda vya koki wala bandari ya kupokea mawe ya chuma kwa kiwango kilekile. Vyama vya wafanyakazi havikusema kaboni iendelee. Vilileta mpango mbadala uliotayarishwa na washauri, wa kuacha tanuru moja liendelee hadi 2032 wakati la umeme likijengwa, ili watu wazoee, wastaafu, wafunzwe. Kampuni ilijibu Januari 2024 kwamba gharama zingekuwa kubwa mno, kwani ilishakuwa ikipata hasara kila siku. Serikali ya Labour iliingia Julai 2024 na Septemba ikasaini makubaliano yenye masharti bora kiasi kwa wanaoondoka, lakini pauni zilikuwa zilezile milioni 500 na tarehe ilikuwa ileile.

Ndipo ikafika Septemba 30. Usiku wa siku hiyohiyo kituo cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe Uingereza, Ratcliffe-on-Soar, nacho kilifungwa, miaka 142 baada ya kile cha kwanza kufunguliwa London mwaka 1882. Magazeti yaliandika "mwisho wa enzi". Mtaani kwetu duka la samaki na chipsi lilifungwa mapema.

* * *

Katika maktaba, mwezi wa Februari, nikitafuta kitu kingine kabisa, nilikutana na habari iliyonirudisha nyumbani. Wahaya wa mkoa wa Kagera waliyeyusha chuma kwa karne nyingi. Mabaki ya matanuru yao, mengine ya karibu miaka elfu mbili iliyopita, yalichimbuliwa na mwanaakiolojia Peter Schmidt. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuru. Kazi hiyo ilikuwa imekoma miongo mingi kabla, na wazee walijenga kwa kumbukumbu za ujana wao. Mara za kwanza chuma hakikutoka sawasawa. Iliwabidi wakumbuke upya: udongo gani, mkaa wa mti gani, mivukuto ipigwe kwa kasi gani. Baadaye kikatoka. Huko Ufipa nako kulikuwa na matanuru marefu ya udongo yaliyoitwa malungu, na Upareni kulikuwa na koo za wahunzi ambao majembe yao yaliuzwa mbali.

Matanuru hayo yote yalizimwa. Chuma cha viwanda vya Ulaya kilipofika kwa meli na reli katika enzi ya ukoloni kilikuwa rahisi kuliko chuma cha mhunzi, na utawala wa kikoloni haukuwa na sababu ya kumlinda. Haikutolewa ruzuku. Hapakuwa na mafunzo ya kazi mpya. Sikuwahi kufundishwa shuleni tarehe ya tanuru la mwisho la Ufipa au la Buhaya, na mimi ni mwanafunzi wa historia.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Nilikuja Wales nikidhani naitazama huzuni ya watu wengine. Kumbe kwetu tumeshawahi kuzimiwa moto, na chuma kilichouzima kilitoka kwenye matanuru kama haya ya Wales. Sikupata humo raha ya kusema "nao waonje". Nilichoona ni kwamba tanuru likizimwa ghafla linaondoka na kitu ambacho sera haihesabu: mikono inayojua. Wazee wa Kihaya waliokota ujuzi wao kabla haujazikwa nao, tena kwa sababu tu mtu aliwauliza.

Nilimsimulia mzee hadithi hiyo wakati wa chakula. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza walitumia mkaa wa mti gani. Nikamwambia sijui. Akasema, "Rudi kaangalie." Ilikuwa mara ya kwanza tangu Septemba kuzungumza nami kuhusu kazi yake.

* * *

Tangu hapo alinifundisha mengi. Kwamba Uingereza huzalisha zaidi ya tani milioni 10 za chuma chakavu kwa mwaka na takriban asilimia 80 huuzwa nje, kwa hiyo chakula cha tanuru jipya kipo, ni suala la kukizuia kisipande meli. Kwamba si kila chakavu kinafaa: shaba iliyojificha kwenye nyaya za magari ikiingia hukidhoofisha chuma, na bati la kopo au la mlango wa gari linahitaji chuma safi. Nilimwambia kuhusu vijana wa skrepa wa Dar es Salaam, wanaosukuma mikokoteni kutwa wakinunua vyuma chakavu vinavyokwenda kuyeyushwa kwa umeme na kugeuzwa nondo. "Basi nyinyi mmetutangulia," akasema. Sikujua kama ni utani. Nondo nyingi za Tanzania hutengenezwa hivyo, si kwa sababu ya sera ya tabianchi bali kwa sababu hatuna tanuru la kuyeyusha mawe.

Aprili 12, 2025, siku ya Jumamosi, Bunge la Uingereza liliitwa kutoka likizo ya Pasaka na kupitisha sheria kwa siku moja. Mwenye kiwanda cha Scunthorpe, kampuni ya Kichina ya Jingye, alikuwa akielekea kuzima matanuru mawili ya mwisho ya makaa nchini. Serikali ikajipa mamlaka ya kuingilia uendeshaji, na meli za makaa zikapokelewa bandarini ili moto usife. Tulitazama pamoja kwenye televisheni. Port Talbot nzima iliuliza swali moja: kwa nini wao na si sisi? Mzee hakuuliza. Alisema tu, "Jumamosi," kama mtu anayekumbuka ni siku ngapi za wiki ambazo yeye na wenzake walisubiri simu kutoka London.

Sitaki kuiandika Uingereza kana kwamba ndiyo iliyoshindwa peke yake. Wasweden walianza mapema: mradi wa HYBRIT wa kampuni za SSAB, LKAB na Vattenfall ulianzishwa mwaka 2016 ili oksijeni iondolewe kwa hidrojeni, ambayo huacha maji badala ya hewa ya ukaa, na mwaka 2021 chuma cha kwanza cha njia hiyo kilimfikia mteja. Lakini Sweden ina mawe yake ya chuma na umeme mwingi wa maji. Ujerumani iliahidi ruzuku kubwa, na bado Juni 2025 kampuni ya ArcelorMittal ilikataa zaidi ya euro bilioni moja za kubadilisha viwanda vyake viwili nchini humo, ikisema hesabu hazilipi. Fedha za serikali peke yake hazitoshi. Bei ya umeme, soko la chuma kisafi na ulinzi mpakani lazima viende pamoja. Ndiyo sababu Ulaya sasa inaweka tozo ya kaboni kwa chuma kinachoingia kutoka nje: kipindi cha kutoa taarifa kilianza Oktoba 2023, na wajibu wa kulipia unahusu chuma kinachoingia kuanzia 2026.

Tozo hiyo inatuhusu, hata kama leo hatuuzi chuma Ulaya. Katika wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, tuna mawe ya chuma Liganga na makaa ya mawe Mchuchuma, karibu kabisa, kama mabonde ya Wales ya mwaka 1759. Mkataba wa kuvichimba ulisainiwa na mwekezaji wa Kichina mwaka 2011. Mradi ukakwama, na wananchi wa maeneo hayo wakasubiri fidia zao kwa miaka. Mpango wa awali ulikuwa wa chuma na makaa, kwa sababu ndivyo chuma kilivyotengenezwa tangu Darby. Sasa tuna bwawa la megawati 2,115 kwenye mto uleule uliozamisha shamba la mama. Sisemi jibu ni rahisi. Mtanzania ana haki ya kuuliza kwa nini yeye, ambaye mababu zake walizimiwa matanuru na chuma cha Ulaya, aambiwe leo amechelewa kutumia makaa. Lakini nimekaa mwaka mzima kwenye mji uliojengwa juu ya makaa na nimeona jinsi unavyoamka siku yanapokwisha. Tukijenga, tujenge tukijua tarehe ya kuzima, na aliye ndani ya kiwanda aijue kabla ya mwandishi wa habari.

* * *

Julai ujenzi wa tanuru la umeme ulianza. Linatarajiwa kufanya kazi mwishoni mwa 2027 au mapema 2028. Mwezi huo nilimpigia mama kumweleza ninachoandika. Alisikiliza kwa subira kama anavyofanya ninapozungumza Kiswahili cha chuo.

"Hao waliofungiwa kiwanda wamepewa nini?"

"Kiinua mgongo, mama. Na mafunzo ya kazi nyingine, kwa anayetaka."

"Na wanasema hayatoshi."

"Hayatoshi."

"Ni kweli hayatoshi," akasema. "Sisi tulipewa unga na blanketi." Kisha akaniuliza kama nakula vizuri.

Nimeiweka mazungumzo hayo kwenye sura ya mwisho ya tasnifu, bila maelezo. Msimamizi alitaka niongeze nadharia. Nikaongeza aya mbili, mazungumzo nikayaacha.

Kabla ya kukabidhi nilimpa mzee nakala ya sura tatu, zikiwa pamoja na ukurasa wa utangulizi ambao ulianza na ile jioni ya ua wa nyuma. Alikaa nazo siku nne. Alinirudishia zikiwa na alama za penseli kila mahali. Nilipoandika kwamba tanuru "lilizimwa", alikuwa amekata neno na kuniandikia pembeni kwamba tanuru halizimwi kama taa: husimamishwa hewa, kisha hutobolewa chini kabisa ili kutoa chuma kilichobaki kitakoni, chuma ambacho kilikaa humo miaka yote tanuru likifanya kazi bila kuonekana. Alikuwa mmoja wa waliofundishwa namna ya kufanya hivyo. Nimesahihisha ndani ya tasnifu. Kwenye kichwa cha insha hii nimeliacha neno langu la zamani, kwa kuwa ndilo nililolijua siku ile.

Na kwenye ukurasa wa kwanza, kando ya swali langu kwamba kwa dunia ni habari njema, alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: "Ndiyo. Lakini ungesubiri hadi kesho."